Vituo vya Mzee wa Betri

Ninyi vijana wa nyumba yangu mnaoshuka Nyamirambo na pikipiki zisizonguruma, mnaonishtua kila nikivuka barabara, simameni kidogo. Nimewaona pale kituoni. Mnafika, mnachomoa betri iliyoisha, mnachomeka iliyojaa, mnaondoka kabla mtu hajamaliza kuwasalimu. Nyuso zenu zinasema kwamba jambo hilo mmelizaa ninyi. Hamkulizaa. Kabla yenu kulikuwa na mzee mmoja mwenye koti la matundu, naye alilipanga lote juu ya meza yangu ya kukatia nguo, kwa vifungo vyangu, na vifungo vingine sikuviona tena.

Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msinisahihishe herufi. Someni tu.

Jina lake sitaliandika. Tulimwita Mzee wa Betri, na aliitika hivyo hata mlangoni pa msikiti. Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, msiniulize. Katika nchi hii maswali hayo yameulizwa kupita kiasi. Mimi nilimjua kwa sababu aliendesha malori pamoja na marehemu mume wangu. Kwa hiyo nilikuwa shemeji yake, na shemeji ana ruhusa ya kusema. Ruhusa hiyo niliitumia yote.

Chumba chake kilitazamana na duka langu la kushona. Wakati huo milima mingi ya pembeni ya Kigali haikuwa na umeme. Mtu wa Gahanga, au wa kule nyuma ya Kabeza mbali na barabara ya uwanja wa ndege, akitaka redio au taa alifunga betri ya gari. Ikiisha aliitia kichwani, akatembea mpaka kwetu, akaiacha ijazwe, akaifuata kesho yake. Ukiingia kwa mzee ulizikuta zimepangwa sakafuni kama wagonjwa wa zahanati, kila moja na nyaya zake, na chaja inanguruma pembeni. Alikuwa anaisalimia betri kabla ya mwenyewe. Anainama, anafungua vifuniko, anachungulia, ndipo anainua kichwa na kuuliza, "Na wewe, hujambo?"

Asidi ilikula nguo zake zote. Ukimsimamisha mlangoni jua likiwa nyuma yake, mwanga ulipita kwenye koti kama unavyopita kwenye chujio la chai. Nilimwambia atakuja kuzikwa na kola peke yake. Wateja wake nao asidi iliwachuruzikia mabegani, halafu wakavuka barabara kuja kwangu na mashati yaliyotoboka. Sina haja ya kuficha: nusu ya viraka nilivyoshona miaka ile vilitoka kwenye chumba chake. Alipenda kuniambia kwamba tuna biashara moja yenye milango miwili. Nami nilimjibu kwamba mlango wangu hauhitaji kuoshwa asidi kwa magadi. Na magadi yenyewe aliyatoa wapi? Jikoni kwangu, yale ya kupikia maharagwe.

Msidhani alikuwa mwerevu wa kila kitu. Aliwahubiria wateja wasiiache betri iishe kabisa, eti inaumia, halafu yeye mwenyewe akashinda bila chakula mpaka jioni, tukamwita aje kula kama mtoto. Aliwajazia mwanga watu wa milima mitatu, na nyumbani kwake kuliwaka kibatari, maana soketi zote zilikuwa na betri za watu. Siku moja nilimkuta anatafuta kiatu kwa njiti ya kiberiti, na mbele yake betri zimejaa moto safu nzima. Nikamuuliza kwa nini asichukue moja tu.

"Si zangu," akasema.

Kumbukeni neno hilo, kwa sababu baadaye alizunguka akipigana nalo.

Ilianza na kichwa cha bwana harusi. Gahanga kulikuwa na kinyozi, mtu mwembamba, mwenye maneno mengi, anayenyoa kwa mashine iliyofungwa kwenye betri. Jumamosi moja betri ilimfia katikati ya kazi. Nikiwa kwenye cherehani nikaona baiskeli inapanda: kinyozi anaendesha, nyuma yake kijana mwenye suti, betri mapajani, upande mmoja wa kichwa umenyolewa safi, upande wa pili kichaka. Kanisani walikuwa wanamsubiri. Mzee wa Betri akawaambia kwamba kuijaza ni kazi ya mchana kutwa. Kijana akakaa chini kwenye ngazi, akajishika ule upande wa kichaka.

Mzee alitazama betri zake, akachomoa moja iliyojaa, ya mteja mwingine, akampa kinyozi. Kinyozi akarudi nyuma kama amepewa mtoto wa mtu.

"Hapana, mzee. Hii iko ya mwingine. Yangu inajua mashine yangu."

"Betri haijui mtu, sha. Inajua moto tu. Nyoa."

Akanyoa pale pale mbele ya duka langu, mji mzima unatoa ushauri. Bwana harusi akaondoka na kichwa kizima. Kesho yake mwenye ile betri akaja, akasikia kwamba yake imeenda kwenye harusi isiyomhusu, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mzee hakumsikia. Alikuwa amesimama mlangoni anatazama upande wa Gahanga, na nilijua kichwa kile kimeshaingiwa na kitu.

Aliniletea wazo hilo kabla sijafungua duka vizuri. Kwa nini kila mtu abebe yake, aisubiri yake, arudi na yake? Weka betri zilizojaa Gahanga. Weka nyingine Kabeza. Mtu anakuja na tupu, anaacha tupu, anachukua iliyojaa, anakwenda kuwasha taa. Tupu zinakuja Nyamirambo kwa gari, zinajazwa, zinarudi. Akaanza kupanga vifungo mezani pangu. Kifungo cha koti kilikuwa Nyamirambo, maana hapa ndipo kwenye umeme. Vifungo vya shati vilikuwa vituo. Alipofika mbali sana, karibu na mkasi, nikamuuliza hiyo ni wapi. Akasema Bugesera. Nikamwambia hiyo ni blauzi ya mteja, aondoe Bugesera yake.

Lakini mahali pa kituo panachaguliwaje? Hapo alinishangaza, na pia alinichekesha. Kwanza alitaka kupima kwa shingo yake. Alitia betri kichwani, akatembea, na pale shingo ilipokataa ndipo angeweka alama. Shingo ya mzee yule ilikataa kabla ya kupita soko letu. Kwa kipimo chake tungekuwa na vituo vingi kuliko nyumba. Nikamwambia, wewe umezoea kukaa nyuma ya usukani, waulize wanaobeba. Basi akaanza kuwasimamisha kina mama wanaotoka sokoni na mizigo yao, ngata kichwani, akiwauliza swali moja tu: mnatua wapi? Walidhani anatafuta mke. Mmoja alimjibu kwamba yeye hatui kwa mtu asiye na meno ya mbele. Hata hivyo walimwambia, na majibu yao yalifanana. Kila njia ina mahali ambapo kina mama hutua, na pamekuwa hivyo tangu zamani. Pana jiwe au ukingo wa kimo cha kifua, mtu anaweza kujitwika tena bila kusaidiwa. Hapo ndipo alipotaka vituo vyake.

Gahanga mahali hapo palikuwa mbele ya kinyozi, na hilo lilimfurahisha. Kabeza palikuwa benchi la nje la kilabu cha pombe ya ndizi. Hilo halikumfurahisha, yeye mtu wa swala tano. Nilimwambia abadilishe. Akasema shingo haziulizi dini. Kwa hiyo kila wiki alikaa kwenye kilabu kile na soda yake, miguu pamoja kama bibi harusi, akikagua betri, na walevi wakimwita Shehe wa Moto. Alinikataza kuwaambia watu wa msikitini. Niliwaambia siku hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni kwa nini jambo hili halikuwa la mchezo. Tangu Oktoba ya mwaka wa tisini kulikuwa na vita kaskazini, na barabarani kukajaa bariyeri za askari. Mtu aliyebeba betri aliulizwa: ya redio gani, unaongea na nani, kitambulisho kiko wapi. Wengine walirudishwa. Wengine walinyang'anywa betri na vitu vingine, wakarudi na michubuko. Wengine walichelewa kurudi mpaka wake zao wakaja kuuliza mlangoni kwa mzee. Mama mmoja aliuliza huku amevua viatu, amevishika mkononi, sijui kwa nini. Mume wake alionekana baada ya siku kadhaa, hakusema alikuwa wapi. Tangu siku ile mzee aliacha utani kuhusu vifungo. Aliniambia, "Shemeji, betri zisafiri. Watu wakae nyumbani." Alimpata dereva wa pikapu ya kabichi aliyekuwa na kibali cha njia na anayefahamika kwenye bariyeri zote. Kilichobaki ni watu kukubali kubadilishana. Wasipokubali wataendelea kupanda na betri kichwani, na siku moja mtu hatarudi.

Hawakukubali. Hebu nieleze, maana ninyi mnachomoa na kuchomeka bila kuangalia. Kwetu betri ilikuwa kama ng'ombe. Mtu alijua alikoipata, nani alimpa, imetumika miaka mingapi, inapenda nini. Waliandika herufi za majina kwa msumari. Walifunga nyuzi kwenye mshikio. Kumwambia mtu achukue ya mwingine ilikuwa sawa na kumwambia arudi jioni na ng'ombe yeyote atakayemkuta njiani. Mzee akawahubiria, "Usiniambie ni ya nani, niambie imebaki na nini." Walitikisa vichwa kwa heshima, kisha wakadai zao.

Ndipo akafanya kosa la rangi. Alipata rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wa duka la mtu, akazipaka betri zote, ubavu na mshikio, ili zifanane na hakuna atakayetambua yake. Nilimwonya kwamba rangi ile haikauki haraka. Akaniambia nishone. Basi dereva akazipeleka Gahanga, watu wakajitwika, na Jumapili yake nusu ya Gahanga ilikwenda kanisani na vipaji vya nyuso vya kijani. Vitambaa vya kichwani vililetwa kwangu kwa mafungu. Na zaidi ya hayo kila mtu aliitambua yake. Mmoja aliinusa. Mwingine aliinyanyua akasema yake ni nyepesi upande wa kushoto. Bibi mmoja aliisugua kwa ukucha mpaka akaipata herufi yake chini ya rangi, akamtazama mzee kama mwizi wa mchana.

Aliyemaliza ubishi ni yule kinyozi. Alikuja Nyamirambo juu ya kabichi, amevaa kofia kufunika paji la kijani, akaingia chumbani kwa mzee bila kubisha hodi. Mimi niliingia nyuma yake, kwa sababu sipendi kusimuliwa. Kinyozi akatazama huku na huku, halafu akanyoosha kidole kwenye rafu.

Pale juu palikuwa na betri moja isiyopakwa rangi. Imefunikwa kitambaa cha maua, na kitambaa hicho nilikishona mimi. Ilikuwa betri ya lori lake la mwisho, lile alilofanya nalo safari zake na mume wangu. Alisikilizia redio yake kwa hiyo tu. Hakuna mtu aliyewahi kuigusa.

"Na ile, mzee," kinyozi akasema, "ile iko ya nani?"

Mzee akatazama kile kitambaa cha maua.

"Toa yako kwanza," kinyozi akasema, safari hii taratibu. "Halafu sisi tutatoa."

Alipanda kwenye kigoda, akaishusha, akaondoa kitambaa, akakikunja akakitia mfukoni. Akaipangusa kwa mkono wa koti, ule wenye matundu mengi. Akampa kinyozi. Aliniomba nisimtazame, kwa hiyo nilitazama nje, dereva alikuwa anakula kabichi mbichi.

Ile betri ilikwenda Gahanga, na kinyozi akaiweka mbele kabisa, akamwambia kila anayekuja kwamba hii ni ya mzee mwenyewe, naye haiulizii. Mtu wa kwanza akaichukua akaacha yake. Kisha wa pili. Baada ya hapo ikawa desturi, kama mambo yote ambayo watu huapa hawatayafanya. Kabeza nao wakafuata, walevi wakiwa wa kwanza maana hawakukumbuka zao. Watu wa Gahanga wakaacha kupita bariyeri kwa ajili ya taa. Redio ya mzee ilinyamaza muda mrefu, akawa anakuja kusikiliza habari kwangu, akikaa mbali na vitambaa kama nilivyomwamuru. Nilimtania kwamba ametoa ng'ombe na sasa anaomba maziwa kwa jirani. Alicheka, na pengo lake la mbele likaonekana lote. Vituo vile vilifanya kazi mwaka mzima na zaidi.

Halafu ukaja mwezi wa nne wa mwaka wa tisini na nne. Hapo sitanii, na hapa siandiki. Niliyoyaona nimewaambia uso kwa uso, kila mmoja wenu alipofika umri wa kuyasikia. Nitasema tu kwamba kinyozi alibaki hai, alivuka kwenda Burundi, na kwamba wengi aliowanyoa hawakubaki hai.

Nilipomwona tena mzee na kazi yake ilikuwa mwisho wa mwaka ule. Umeme ulianza kurudi mtaani kwa vipande, na upande wetu wa barabara uliupata kabla ya upande wake. Chumba chake kilikuwa kimeng'olewa mpaka nyaya za ukutani. Watu wapya walikuwa wanaingia mjini, Wanyarwanda waliokulia Uganda na Tanzania, na kila nyumba ilitafuta mwanga.

Alikuja mchana anasukuma toroli. Ndani yake kulikuwa na betri za kijani, na chaja juu yake. Alikuwa amezishusha kwenye tangi kavu nyuma ya nyumba yake siku zile za kwanza, akazifunikia mabati na takataka, na hakuna aliyeziona. Akazipanga chini ya dirisha langu. Koti lilikuwa lile lile. Nikamwambia sasa limebaki matundu tu, koti limekwenda wapi. Hakucheka.

Akainama, akaanza kuzigusa mojamoja, na kila aliyoigusa aliitaja. Hii ya mwalimu wa kwaya. Hii ya yule mama aliyeuliza ameshika viatu. Hii iliyomnyoa bwana harusi. Hii ya bibi wa ukucha. Rangi ilizifunika zote, hata ile ya ukucha aliipaka upya, hazikuwa na alama hata moja, na alizijua zote. Miaka ile yote aliyotupigia kelele tusahau betri ni ya nani, yeye alikuwa hajasahau hata moja.

Mlangoni kwangu alikuwa amesimama mama mmoja mgeni, mwenye mtoto mgongoni na betri tupu miguuni. Alikuwa amesikia kwamba hapa watu hubadilishana. Mzee alimwona. Akainua betri moja, akaishika kifuani, akashindwa kunyoosha mkono ampe.

"Shemeji," akaniambia, "nimewakataza watu wale kusema yangu. Sasa nakaa natamani aje mmoja tu aseme, ile ni yangu."

Nilimpokea betri mikononi, ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, nikaitua juu ya meza ya kukatia ambapo kwa miaka yote sikuruhusu tone la asidi lifike. Vitambaa vilikuwa bado juu yake. Nikasikia binti yangu Zuhura akivuta pumzi. Nikamwita yeye na wakwe zangu na kila aliyekuwa ndani, nikawaambia hivi, na amri hiyo sijaifuta mpaka leo:

"Cherehani ziende chumba cha nyuma. Chumba hiki ni cha mzee na chaja yake. Atakayeleta tupu apewe iliyojaa, asiulizwe katoka wapi. Na atakayekuja akasema, ile ni yangu, msimbishie. Mpeni kiti, mpeni chai, kisha mkimbie kuniita mimi na mzee, popote tulipo."